Krismasi tatu za taka mtaani kwetu Moshi: tulikokosea na kilichosaidia

Usiku wa tarehe 26 Desemba 2020 nilimfunga mjukuu wangu kifuani kwa kanga, nikapanda bodaboda, tukakimbilia zahanati. Alikuwa na miaka mitatu na ana pumu. Jioni ile karibu kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa imechoma taka za sikukuu kwa wakati mmoja: sahani za takeaway, chupa za maji, pampasi, majani mabichi ya mgomba, mifupa. Hakukuwa na upepo. Ule moshi ulilala chini kama ukungu wa asubuhi, ukaingia madirishani, na sisi tukaendelea kupiga soga. Mtoto alipoanza kukoroma kifua ndipo tulipostuka.

Nikiwa kwenye benchi namsubiri avutishwe dawa, kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa nimechoma. Moto wangu ulikuwa hatua kumi kutoka chumba alicholala.

Tangu hapo mtaa wetu umepitia Krismasi tatu za kujaribu kupunguza taka za sikukuu, 2021, 2022 na 2023. Mbili za kwanza tulikosea mengi, na mengine yalituvunjia ujirani. Mwezi huu wa Novemba 2024 nimepigiwa simu na akina mama wa mitaa mingine miwili ya hapa mjini, na mmoja wa Arusha, wote wanauliza tulifanyaje. Kwenye simu unasimulia nusu, nusu inabaki. Nimeona niandike yote.

Kwa asiyeijua Moshi ya Desemba: kuanzia kama tarehe 18 mabasi yanaingia usiku na mchana, na treni ya kutoka Dar, ile iliyorudishwa Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka ishirini, nayo inashusha watu na mizigo yao. Wengi wanapanda mlimani, migombani kwao, Rombo, Marangu, Kibosho, Uru, Machame. Lakini ununuzi wanafanya mjini, wengine wanalala kwetu siku mbili tatu kabla ya kupanda, wengine wanabaki kwetu kabisa. Nyumba yangu ni ya watu wanne. Krismasi ile tulikuwa kumi na saba. Nyumba za mtaa wetu ni arobaini na kitu, na karibu zote ziko hivyo. Tarehe 2 na 3 Januari wageni wanaondoka, taka zinabaki.

Tulianzia kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko akina mama 22, mimi ni mweka hazina, na kazi yangu ni cherehani. Novemba 2021 nilitoa hoja, wenzangu wakaipokea vizuri, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulikubaliana tufanye usafi mkubwa mara mbili: tarehe 9 Desemba, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hizo hazihitaji kumbembeleza mtu. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 akaagiza nchi nzima ifanye usafi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu anaijua ni siku ya fagio. Tukatangaza. Hakuna aliyefungua kalenda. Jumamosi ya mwisho ya Desemba 2021 ilikuwa tarehe 25. Tuligundua zikiwa zimebaki siku tano, baada ya binti wa nyumba ya kona kuuliza kama kweli tutafagia barabara wakati wa ibada.

Kwa hiyo tukabaki na tarehe 9 peke yake. Tulijitokeza watu 63. Glavu, mafagio ya chelewa, mifuko ya taka na chai ya wafanyakazi vilitugharimu shilingi 118,000 kutoka mfuko wa kikundi. Mtaa uling'aa, nisiseme uongo. Tukapiga picha, tukapongezana, mwenyekiti akatupa maneno mazuri.

Tarehe 27 asubuhi nilitoka nje nikasimama mlangoni. Mtaro mbele ya nyumba ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Mbwa walikuwa wamepasua mifuko, sahani nyeupe zinapeperuka, na upande wa juu kulikuwa na moto miwili inafuka. Nilirudi ndani nikakaa. Tulikuwa tumefagia uwanja kabla ya ngoma kuchezwa, tukadhani kazi imekwisha.

Mwaka huohuo nilikosea na jambo lingine dogo. Nilishona vifuko 60 kwa mabaki ya vitenge, nikavigawa bure ili watu waende navyo sokoni Mbuyuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na faini ya kukutwa nayo inaanzia shilingi 30,000, lakini hii mifuko mbadala inayouzwa mlangoni mwa kila duka nayo inaishia mtaroni vilevile kwa sababu kila safari mtu ananunua mpya. Vifuko vyangu sikuviona tena. Mwaka uliofuata niliviuza shilingi 1,000 kimoja, na hivyo bado navikuta mikononi mwa watu. Alichokinunua mtu anakikumbuka anapotoka nyumbani.

Mwaka 2022 tukabadili mpango. Tukasema safari hii tutakusanya taka sikukuu ikiendelea, tusisubiri ziishie mtaroni. Chupa zingekusanywa ziuzwe, mabaki ya chakula yaende kwa nguruwe, yanayooza yaingie shimo la mboji kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ofisi ya mtaa. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri.

Chupa tulizihifadhi kwangu. Uani kwangu kulikuwa na viroba kumi na nane vya sandarusi vimepangwa mpaka dirishani. Hatukuwa tumemwambia mtu asuuze. Soda iliyobaki ndani ilichachuka, nyuki wakaja kwa makundi, na wateja wangu wa cherehani wakawa wanaogopa kuingia. Nikampigia mnunuzi, akaniambia amefunga mpaka baada ya mwaka mpya. Alipofungua tulipeleka kilo 62, akatulipa shilingi 250 kwa kilo, jumla 15,500. Viroba tulinunua kwa 12,600. Toyo ya kubeba ilikwenda mara mbili, 16,000. Tulipata hasara ya shilingi 13,100, ukiacha siku mbili za watu wanne.

Hasara ya hela ningeimeza. Kuna kijana anayeokota chupa mitaa yetu, tumemzoea miaka mingi, anapita asubuhi na kiroba mgongoni. Kati ya tarehe 27 na 28 alipita, akakuta mtaa mtupu. Akasimama getini kwangu akaviona vile viroba. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, hii ndiyo ilikuwa Krismasi yangu. Ada ya mtoto ya Januari naitoa hapa." Kisha akaendelea na njia yake. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti najisikia vibaya. Sisi akina mama 22 tuliojiita watunza mazingira tulikuwa tumempokonya kazi mtu pekee aliyekuwa anatunza mazingira ya mtaa huu kila siku, bila posho wala glavu, na hatukumuuliza hata neno moja.

Nguruwe nao walitutia hofu. Kuna bibi jirani anafuga, banda lake lina nguruwe saba. Tulimpelekea ndoo za mabaki kutoka kila nyumba: maganda ya ndizi, viazi, pilau, mchuzi, mifupa, vyote pamoja. Alishukuru sana. Siku ya tatu afisa mifugo wa kata alipita kwa shughuli zake, akaona ndani ya ndoo kuna mifupa ya kitimoto. Alikasirika kweli. Alitukalisha akatueleza kwamba homa ya nguruwe ya Afrika inaenezwa pia na mabaki ya nyama ya nguruwe, virusi vyake vinakaa kwenye nyama muda mrefu, haina tiba wala hapa kwetu hakuna chanjo, na ikiingia bandani inaweza kumaliza mifugo yote. Binadamu haimpati, lakini mfugaji inamwacha masikini. Tuliishi wiki mbili tukiamka kila asubuhi kwenda kuchungulia lile banda. Nguruwe walipona, Mungu alitusaidia. Bibi wa watu hana kingine. Mtaji wake wote umesimama kwa miguu minne.

Na shimo. Tulichimba mita moja kwenda chini, tukatupa kila kinachooza: maganda, majani, damu na utumbo wa mbuzi waliochinjwa, mabaki ya pilau. Usiku wa tarehe 27 mbwa walifukua. Asubuhi kichwa cha mbuzi kilikuwa barazani kwa mzee mmoja ambaye alikuwa amefiwa mwezi ule. Harufu ilikaa mpaka katikati ya Januari, nzi wakajaa, na watu wakaanza kusema afadhali kuchoma.

Katika hali hiyo nikafanya kosa langu kubwa kuliko yote. Jioni moja nikaona moto kwa jirani, mama mwenzangu wa kikundi, mtu tuliyeshonana nguo za harusi za watoto. Nikaupiga picha nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, nikaandika, "Baada ya yote tuliyokubaliana?" Watu wakamshambulia. Usiku uleule akajitoa kwenye grupu, wiki iliyofuata akajitoa kwenye kikundi, akawa akinikuta njiani anavuka upande wa pili.

Nilikaa na kiburi changu mpaka karibu na Pasaka. Ndipo shangazi yangu wa Kibosho aliponiambia, "Wewe umesahau isale ni la nini?" Kwetu Uchagani isale si mmea wa kupendezesha uzio. Ukimkosea mtu unamwendea na jani lake, na anayeletewa isale hawezi kukufukuza. Nilikata jani nikaenda. Alilipokea, tukakaa kimya kidogo, halafu akanieleza alichokuwa anachoma. Ilikuwa pampasi. Binti yake alikuja kutoka Dar na mapacha wa miezi mitano. Watoto wawili, pampasi kumi kwa siku, wiki mbili. "Mlitwambia chupa ziende wapi, maganda yaende wapi," alisema. "Pampasi mlituambia ziende wapi?" Sikuwa na jibu. Kwenye vikao vyetu vyote hakuna aliyelitaja neno hilo, na sote tuna wajukuu.

Aliyetufungua macho ni mchinjaji. Mtaani kwetu mbuzi wa Krismasi tunachinjiwa na jirani Mwislamu, ili kila anayekaribishwa ale bila wasiwasi. Ni desturi ya siku nyingi. Katikati ya 2023 tulikuwa naye kwenye kipaimara cha mtoto, nikamlalamikia habari ya shimo. Akaniambia, "Dada, mimi sishiki kisu mpaka nione shimo. Mbuzi akishalala chini, nani tena atashika jembe?" Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Mimi lilinikaa kichwani wiki nzima, maana miaka miwili tulikuwa tunahangaika na taka wakati mbuzi ameshalala chini.

Kikao cha 2023 tulikifanya Jumapili ya tarehe 12 Novemba, wiki sita kabla, na hatukukaa wenyewe. Tulimwalika kijana wa chupa, bibi wa nguruwe, mchinjaji, kaka anayeuza chipsi kona ya barabara, na mwenyekiti. Nilianza kwa kumwomba radhi yule kijana mbele ya watu. Kisha kila mmoja akasema anachohitaji.

Kijana wa chupa alitufundisha kwa dakika kumi tusichokijua kwa miaka miwili. Suuza kwa maji kidogo. Kanyaga chupa mpaka ilale, kisha funga kizibo hapohapo ili isivute hewa ikavimba tena. Kiroba kimoja kitabeba mara tatu ya kile tulichokuwa tunabeba. Chupa ya mafuta ya kula weka mbali. Wanunuzi wanafunga kuanzia mkesha mpaka baada ya mwaka mpya, kwa hiyo yeye shida yake ni mahali pa kuhifadhi. Mwenyekiti akampa kona ya kiwanja cha ofisi. Tukatundika viroba sehemu sita, yeye anavipitia kila asubuhi, na hela yote ni yake. Kikundi hakichukui hata senti. Hilo nalisisitiza, kwa sababu kuna mwenzetu alipendekeza tugawane, tukabishana karibu saa nzima. Mkifika hapo msigawane. Kazi ni yake.

Bibi wa nguruwe alitaka maganda mabichi tu: ndizi, viazi, kabichi, na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa yeyote atakayepika. Chochote kingine kilichopita sufuriani hakiendi kwake. Kila nyumba ikapata ndoo ndogo yenye kitambaa cha kijani mkononi mwake, na watoto wakapewa kazi ya kuipeleka jioni. Matawi ya mti wa Krismasi yakishakauka yanakwenda kwa kaka wa chipsi kama kuni. Mchinjaji alipanga siku na saa za kila nyumba, na shimo la kila mbuzi linachimbwa jana yake, lenye kina cha kifua cha mtu, linafukiwa palepale kwa majivu na udongo na kuwekewa jiwe juu. Mboji ikabaki na majani makavu ya mgomba, maganda ya ziada na kinyesi cha tumboni mwa mbuzi, tabaka kwa tabaka na udongo katikati. Haikunuka. Machi ilikuwa nyeusi na laini, tukaigawana kwa ndoo.

Kilichopunguza taka kuliko vyote ni sahani. Oktoba ile tulinunua sahani 200 za melamini kwa 2,200 na vikombe 200 kwa 800, jumla shilingi 600,000. Laki nne zilitoka mfuko wa kikundi, na laki mbili alizituma kijana wa mtaa huu anayefanya kazi Dar. Nilikuwa mweka hazina, na nakiri niliogopa, sijawahi kutoa hela nyingi hivyo kwa mara moja. Tunakodisha sahani mia na vikombe vyake kwa 10,000 kwa siku, unaacha 10,000 nyingine ya dhamana. Msiba ni bure. Kila sahani chini ina nukta ya rangi nyekundu ya kucha ili isichanganyike na za mwenye nyumba. Anayekodisha anapewa na mabeseni matatu: la kwanza la kukung'utia na maji ya kawaida bila sabuni, la pili la sabuni, la tatu la kusuuzia. Maji ya beseni la kwanza yanamwagiwa mgomba. Kati ya tarehe 20 Desemba na 3 Januari tulipata 165,000, na kufikia Juni mwaka huu mfuko ulikuwa umerudishiwa hela yake. Zimepotea sahani saba.

Soda vilevile. Wenye shughuli kubwa tuliwaomba wachukue kreti za chupa za kioo. Unaacha hela ya chupa na kreti, ukirudisha unarudishiwa, na soda yenyewe inajazwa hapahapa Moshi. Wageni wa mjini walinung'unika kwamba ya plastiki unatembea nayo. Waliponunua wenyewe, waliambiwa kiroba kiko wapi.

Si kwamba mwaka ule hatukukosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba vuli ya 2023 itakuwa na mvua za El Nino. Halafu tarehe 3 Desemba tope likaporomoka kutoka Mlima Hanang likafunika Katesh na kuua watu wengi. Watu hapa waliogopa sana, maana na sisi tuko chini ya mlima. Tarehe 9 tulizibua mitaro yote. Chini ya kalavati moja tulitoa kandambili, chupa, godoro la mtoto, gunia lililooza, na katikati ya vyote fungu la pampasi zilizovimba maji, nzito kama mawe, zimeshikana mpaka ilibidi tuzikate kwa panga. Tulifanya kazi mpaka saa nane mchana. Na lile tope lote tukaliacha kando ya mtaro likauke, tuje kulizoa kesho yake. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi mtaro ulikuwa umejaa kama hatukuugusa, na mgongo unauma. Usizibue mtaro kama gari la kuzoa halijaegeshwa pembeni. Kukodi kirikuu siku ya pili kulitugharimu 45,000 ambazo tungezipanga tangu mwanzo kama tungefikiri.

Kwenye kuchoma, mwenyekiti alitangaza kuanzia tarehe 20 mpaka 5 Januari hakuna moto wa taka. Niliona moto miwili. Safari hii sikupiga picha. Nilikwenda kubisha hodi, na nyumba zote mbili jibu lilikuwa lilelile: pampasi.

Hilo hatujalimaliza. Tuliweka viroba viwilivili, kimoja ndani ya kingine, kwa nyumba zenye watoto wachanga, na tukalipia gari la taka safari moja ya ziada kwenda dampo. Inasaidia, lakini ni kuhamisha tu, na viroba vinakaa siku nne tano vinanuka. Anayejua mtaa uliofanikiwa na hili naomba sana atuambie.

Kikao cha mwaka huu kilikuwa Jumapili iliyopita, tarehe 10 Novemba. Tuliangalia kalenda kwanza: Jumamosi ya mwisho ni tarehe 28, siku tatu baada ya Krismasi, pazuri. Kila nyumba ikaandikisha wageni wangapi, wanafika lini, na safari hii tukaongeza swali la watoto wachanga. Wako kumi na tisa. Jirani yangu, yule wa picha, alirudi kikundini mwaka jana. Alisimama akasema tuwapigie simu hao mama zao huko Dar kabla hawajafunga mabegi, tuwaulize kama watakubali nepi za kitambaa kwa siku za kukaa nyumbani, pampasi wabaki nazo za safari na ibada. Yeye mwenyewe amepiga simu zote. Kumi na mmoja wamekubali, akiwemo binti yake, wengine wamesema watafikiria.

Tulinunua flaneli sokoni, nyeupe na ya maua. Kila mtoto tunamhesabia nepi nane. Jioni yeye anakuja na mkasi wake, anakaa pale kwenye mkeka anakata, mimi niko kwenye cherehani. Hadi jana usiku tumemaliza thelathini na nne.